Kadi ya Mke wa Susu

Susu aliivaa ile kadi ya duka shingoni kama wengine wanavyovaa msalaba. Susu ni nyanya yangu. Wakamba humwita nyanya hivyo, na mimi sitaanza leo kumwita vingine. Kitambulisho chake cha taifa alikifunga kwenye leso kuukuu, akakitupa chini ya kabati, akakisahau. Lakini kadi ilikwenda kanisani, ilikwenda matangani, na siku moja ilikwenda hospitali, ambako alimwonyesha daktari kabla hajaulizwa anaumwa wapi.

Duka lenyewe ni kubwa, liko mjini Machakos, na jina lake nitalihifadhi kwa sababu ugomvi wetu nao uliisha na mimi si mtu wa kufukua. Ukilipa ada ya mwaka unakuwa mwanachama, na mwanachama huuziwa unga, sukari na mafuta kwa bei ambayo mpita njia haonjeshwi. Kwa Susu, mwenye kibanda cha bidhaa kule Katelembo, hiyo ilikuwa habari njema ya pili baada ya ile ya Biblia. Nilimsindikiza siku ya kujiandikisha, maana nisingemsindikiza angeenda mwenyewe na kununua duka zima.

Aliyetuandikisha alikuwa dada wa rika langu, kalamu nyuma ya sikio, sauti ya mtu aliyezoea wazee. Akaeleza kwamba mwanachama anapewa kadi ya pili ya bure.

"Hiyo ni ya bwana ama ya bibi. Susu, mzee yuko?"

"Mzee alikufa kitambo," Susu akasema. "Lakini bibi niko naye."

Dada akainua macho, akamtazama Susu, akanitazama mimi, kisha akaandika. Hakucheka wala hakuuliza mara mbili. Alichukua jina la mama yangu, namba yake na jinsia yake, akapiga muhuri, tukaondoka na kadi mbili zinazonukia plastiki mpya.

Hapa lazima nimweleze asiye wa kwetu. Susu hakujaliwa mtoto, na mumewe alifariki boma likiwa kimya. Ukambani mwanamke wa namna hiyo hana haja ya kukaa na kutazama jina la mumewe likifa. Anaoa. Anatafuta msichana, anapeleka kwa wazazi wake mbuzi wa ntheo, wale ambao bila wao hakuna ndoa ya Kikamba hata ukipiga harusi ya magari na mpiga picha, anamleta nyumbani, na watoto watakaozaliwa wanaitwa kwa jina la marehemu. Mke wa namna hiyo huitwa iweto. Mama yangu ni iweto wa Susu. Jina la baba kwenye kitambulisho changu ni la mtu aliyezikwa kabla mama hajalijua boma lile, na silionei haya hata chembe. Wapo watu wa mjini ambao wakisikia habari hii huanza kuwaza mambo ya chumbani. Wawaze tu. Sisi tunazungumza mambo ya boma, na boma letu limejaa.

Mama yangu, ambaye mimi humwita Mwaitu, ni mtu wa maneno machache. Susu anasema kwa watu watatu, mimi kwa wawili, na Mwaitu ndiye anayetulipia deni hilo kwa kunyamaza. Anaamka, anakamua, anafungua kibanda, anafunga kibanda. Ukimuuliza jambo anaweza kukujibu kesho yake. Nilikua nikidhani hana la kusema. Kumbe wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikuwa nimesoma methali hiyo shuleni na kupewa alama zote bila kuitambua nyumbani.

Kwa muda kadi zilifanya kazi vizuri. Kisha Jumamosi moja nilikwenda na Mwaitu mjini kununua bidhaa. Nilimwacha kwenye foleni ya malipo nikatoka nje kutafuta mtu wa mkokoteni. Niliporudi, msimamizi wa makeshia, kijana mwenye tai fupi, alikuwa amesimama mbele yake na kadi yake mkononi, ameinyanyua juu ili kila mtu aione.

"Mathe, hii kadi imefutwa. Hapa kompyuta inasema wewe ni bibi ya mwanamke mwenzako. Sasa hiyo ni maneno gani? Hiyo ni kudanganya kampuni."

Foleni ikacheka. Wengine walicheka kwa sababu wenzao wanacheka, namna foleni inavyofanya. Mwaitu alikuwa ameshika pakiti ya sukari. Aliiweka chini polepole, akaacha toroli pale lilipo, akanipita mlangoni bila kunitazama. Nilitaka kurudi ndani nimvue yule kijana ile tai, lakini mama yangu alikuwa anaenda mbio na sikuweza kumwacha barabarani peke yake.

Hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani. Susu alikuwa amekaa mbele ya kibanda akisubiri bidhaa zake.

"Wamesema mimi si mtu wako," Mwaitu akamwambia, kisha akachukua panga akaenda kumkatia ng'ombe nyasi.

Susu akaitoa ile kadi shingoni. Sikuwa nimewahi kumwona akiivua kadi ile hata wakati wa kuoga.

"Pesa yangu irudi," akasema. "Na kama wanataka vita, waambie mimi nilizaliwa nikiwa macho."

Nilichukua ruhusa kazini, tukaenda, mimi na Susu. Mwaitu tulimwacha. Tangu siku ile alikuwa hataki kutumwa mjini, na hata wateja wa kibanda wakimuuliza jambo alijibu akitazama mizani. Hilo ndilo lililoniuma kuliko ada. Ada ningeweza kumlipia Susu mimi mwenyewe kutoka mfukoni mwangu na tukasahau.

Kwenye dawati la wateja tulimkuta kijana yule yule wa tai fupi. Akatusomea sheria kwamba aliyetoa maelezo ya uongo hufutiwa uanachama na ada hairudi. Mimi nikamwambia haki ya mtu hailiwi. Mmefuta wenyewe, hatukuomba kufutwa, kwa hiyo rudisheni pesa ya miezi iliyobaki. Nikasema kwa sauti ya kawaida yangu, ambayo mume wangu anadai husikika mpaka ng'ambo ya vilima vya Iveti. Wateja wakaanza kusogea karibu. Kijana akaona hali si hali, akaingia ofisini na kutoka na karatasi.

"Sawa. Tutawarudishia kwa hisani. Shosho aweke sahihi hapa, pesa ataipata leo leo."

Nadhani alitegemea Susu ni wa kizazi cha kuweka dole gumba popote anapoonyeshwa. Susu akaisukuma karatasi kwangu.

"Nisomee. Kwa Kikamba, na usiruke."

Nikamsomea. Ilisema kwamba yeye, mwanachama, anakiri kuwa aliyemwandika kama mke si mke wake, na kwamba hana uhusiano wowote naye wa kisheria au wa kifamilia.

Susu akaitazama ile karatasi, na nikajua anamfikiria nani. Ndugu mdogo wa marehemu mumewe bado yuko hai, ana nguvu, na ana macho ya kuona mpaka wa shamba la mwenzake kuliko lake. Tangu tulipozaliwa husema sisi ni watoto wa nje. Wazee wa ukoo walishakaa, wakasema, wakamnyamazisha, lakini wazee nao wanaisha mmoja mmoja. Karatasi yenye sahihi ya Susu, ikisema kwa kinywa chake kwamba mama yetu si mke wake, ingekuwa tamu kwake kuliko asali ya Kitui. Pale dukani ingekuwa risiti ya kawaida. Kule Katelembo ingetutoa shambani.

"Hiyo siandiki," Susu akamwambia kijana. "Utanirudishia pesa yangu na bibi yangu nitabaki naye. Vyote viwili."

"Basi leta cheti ya ndoa."

Tukatazamana, mimi na Susu, tukaangua kicheko. Cheti chetu kilikuwa mbuzi, na mbuzi walishaliwa. Walioshuhudia walishiba, na wengi wao sasa wako chini ya udongo. Kijana hakuona cha kuchekesha.

"Kijana yangu," Susu akasema tukiondoka, "siku ukioa, ukumbuke kuacha mfupa mmoja wa ushahidi."

Nilirudi kazini nikiwa na hasira ya kushona nguo bila sindano. Mimi ni mkaguzi wa nguo kwenye kiwanda cha EPZ huko Athi River. Nguo ikirudishwa na mnunuzi kwamba mshono una kasoro, hatuanzi kwa kubishana na mvaaji. Tunarudi nyuma kwenye mstari mpaka tumpate aliyeshona. Nikiwa nimeshika suruali mkononi jambo hilo likanijia lote kwa mara moja: sisi tulikuwa tunabishana na kijana wa tai, ambaye hakuwepo siku ya kuandika. Uongo ni mtu kusema. Nani alisikia Susu akisema uongo? Ni mtu mmoja tu aliyesikia Susu akisema chochote, naye aliandika bila kucheka.

Nikampigia Susu simu pale pale. Akaniambia amelifikiria hilo tangu jana ila alikuwa ananingoja nilifikie mwenyewe. Sikuamini, lakini sikubishana.

Siku ya kurudi dukani nilifika Katelembo asubuhi kumchukua Susu. Nikamkuta Mwaitu langoni, amevaa gauni la Krismasi na viatu vyake vya kufunga, leso imefungwa kiunoni. Hakuna aliyemwita. Nilimuuliza kama anaenda sokoni.

"Twendeni," akasema. Nikafuata.

Safari hii nilidai meneja, na sikukaa mpaka nilipoonyeshwa mlango wake. Nilikuwa nimejipanga. Nilikuwa na habari za korti ya madai madogo, ambayo iko hapa hapa mjini na haihitaji wakili, nikiwa nimeziuliza kwa watu wanaojua. Nilikuwa nimeambiwa pia kwamba mahakama za nchi hii zinaijua ndoa ya iweto. Niliingia nikiwa na maneno yote kwenye ulimi, na meneja, mtu wa makamo mwenye kofia ya vito na Kiswahili cha pwani, akasimama, akamwinamia Susu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba!" Susu akaitikia kwa furaha ya mtu aliyepata haki yake nyingine aliyokuwa haijui. Akageuka kwangu. "Umesikia? Huyu amelelewa."

Nikakosa pa kuanzia. Ni vigumu kumfokea mtu aliyemwamkia nyanya yako vizuri hivyo. Lakini sikuja kuamkiwa, kwa hiyo nikaanza. Nikamweleza yote: kadi, foleni, kicheko, na ile karatasi, ambayo nilikuwa nimeondoka nayo na sasa nikamwekea mezani. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akafungua kompyuta yake.

"Dada yangu, sikatai mlivunjiwa heshima, na kwa hilo ninawaomba radhi. Lakini hapa mwanachama ni mwanamke, na mke wake ni mwanamke. Makao makuu Nairobi wameona ni maelezo ya uongo. Mimi nitawajibu nini?"

"Muite aliyeandika," nikasema. "Mwambie aje hapa atuambie Susu alidanganya wapi. Kama alidanganya, tunaondoka sasa hivi na pesa mbaki nayo. Kama hakudanganya, mnarudisha, na hatuweki sahihi kwenye uongo wenu. La sivyo tutakutana kortini, na huko foleni itacheka upande mwingine."

Susu akanikanyaga mguu, maana hakuwa ameniruhusu kuweka pesa yake rehani. Lakini nilikuwa na hakika, na hakika haitaki ruhusa.

Dada alikuwa amehamishiwa sehemu ya mikate. Akaja na unga kwenye mikono, kalamu bado nyuma ya sikio. Alipotuona akasimama karibu na mlango. Nyuma yake akaja kijana wa tai, ambaye hakuitwa lakini alitaka kuona mwisho.

"Unawakumbuka hawa?" meneja akamuuliza.

"Nawakumbuka."

"Huyu bibi alikwambia nini siku ile?"

Niliona akimtazama yule kijana, mkubwa wake, na nikaona pia kwamba kazi ya mikate haikuwa kupandishwa cheo. Angeweza kusema amesahau. Nisingemlaumu sana.

"Aliniambia bwana alikufa, lakini ako na bibi. Nikaandika bibi." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Sikukosea. Mimi ni wa Ekalakala, huku huku Ukambani. Nyanya yangu pia alioa. Huyo bibi yake ndiye alinilea. Kama huyu Susu ni mwongo, basi hata mimi sijui nilitoka wapi."

Meneja akazungusha kalamu yake. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Akamgeukia Mwaitu, ambaye muda wote huo alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, mikono juu ya leso, kana kwamba shauri lilikuwa la watu wengine.

"Na wewe mama, nimewasikia wote ila wewe. Wewe ni nani wake?"

Nilikuwa nimepigania jambo hili kwa mdomo mpaka nikakauka, na sijawahi hata siku moja kumuuliza mama yangu kama anataka kuwa kile ninachompigania awe. Nimesikia watu wakimwita iweto kwa kebehi, shemeji wa Susu akiwa wa kwanza. Sijawahi kumsikia yeye mwenyewe akijiita chochote. Ningetaka kumjibia. Susu naye, kwa mara ya kwanza, alikuwa anatazama sakafu.

Mwaitu hakuharakisha.

"Huyu alikuja kwetu na mbuzi," akasema. "Nilikuwa msichana. Aliniuliza mimi kwanza kabla ya kuuliza baba. Hakuna mtu mwingine aliwahi kuniuliza. Nikakubali. Sijatoka hapo."

Dada wa Ekalakala akainama akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akajipaka unga usoni. Mimi nililia waziwazi, kwa nini nifiche, na nililia kwa furaha zaidi kuliko kwa uchungu.

Meneja akafunga kompyuta. Akasema Nairobi atawajibu yeye. Akaandika kwamba uanachama ulifutwa kwa kosa la duka, akaagiza ada yote irudishwe, si ya miezi iliyobaki tu, na ile karatasi ya kukiri akaichana mbele yetu na kuitupa kwenye pipa. Kijana wa tai akaambiwa aombe radhi. Aliomba kwa sauti ndogo, naye Mwaitu akaitikia kwa kichwa, yakaisha.

Tukatoka mpaka kwenye kaunta, Susu akakabidhi kadi, akapewa pesa. Mimi tayari nilikuwa nimegeukia mlango. Nilitaka tutoke pale vichwa juu, tusirudi tena, tukanunue sukari yetu kwingine hata kama ni ghali. Susu akamkabidhi Mwaitu noti, kama anavyofanya siku zote, maana pesa ya kibanda hukaa kwa Mwaitu.

Mwaitu hakuzifunga kwenye leso. Akazirudisha juu ya kaunta, akamwita yule dada wa kalamu.

"Niandike."

"Mwaitu, unafanya nini?" nikamuuliza. Hakunijibu. Labda angenijibu kesho yake.

Dada akamtazama meneja, meneja akatikisa kichwa kukubali na kusema ataweka sahihi yake mwenyewe kwenye fomu hiyo. Dada akavuta fomu mpya, akatoa kalamu nyuma ya sikio.

"Mwenye kadi ni Susu, kama mwanzo?"

"Mwenye kadi ni mimi."

"Na ya pili? Bwana?"

"Bwana ni huyu," Mwaitu akasema, na kumwonyesha Susu kwa mkono wote, si kwa kidole. "Andika vizuri, na unipe nakala yangu. Niko na mahali nitaipeleka."

Nilimjua anayepelekewa. Shamba lake linapakana na letu. Susu, ambaye tangu nizaliwe sijamwona akikosa la kusema, alianza kurekebisha kitambaa chake cha kichwa ambacho kilikuwa kimekaa sawa.

"Nitahitaji kitambulisho cha wote wawili," dada akasema.

"Aiya, changu kiko nyumbani," Susu akasema kwa unyonge. "Sijui hata kama kiko."

Mwaitu akafungua pindo la leso kiunoni. Akatoa kitambulisho chake. Kisha akatoa kingine, cha zamani, kilichopauka, kikiwa bado na vumbi la chini ya kabati pembeni, akakifuta kwa kidole na kukiweka kwenye kaunta kando ya chake.

Dada akaanza kuandika.